Afiniti ya elektroni hatua kwa hatua: chora grafu, isome, kisha uifikishe kwenye chumvi

Jioni baada ya Magharibi, barazani kwetu Majengo, Mombasa, huja wanafunzi wanne watano na vitabu vyao vya kemia. Shuleni husoma kwa Kiingereza na majibu huyakariri kwa Kiingereza, lakini mtu akikwama huuliza kwa Kiswahili. Swali lililonifanya niandike mwongozo huu aliliuliza binti wa kidato cha tatu, kidole chake kikiwa juu ya namba 53, ya sodiamu, kwenye orodha ya afiniti za elektroni iliyo nyuma ya kitabu. "Mwalimu, si tuliambiwa sodiamu hupenda kutoa elektroni? Mbona hapa imepokea, na juu ya kupokea imetoa nishati?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Tangu kidato cha pili ameambiwa kwamba sodiamu "inataka" kutoa na klorini "inataka" kupokea. Lugha hiyo ni nyepesi kukumbuka, lakini ndiyo inayowapotosha watoto wakifika hapa. Atomu haitaki kitu. Ndani yake mna kiini chenye chaji chanya kinachovuta, na mna elektroni zinazosukumana. Afiniti ya elektroni ni matokeo ya mvuto huo na msukumano huo, yakaandikwa kwa namba. Ukishaiona hivyo, huhitaji kukariri mishale ya "inaongezeka kulia, inapungua chini", mishale ambayo hata hivyo hudanganya mara nyingi.

Andaa karatasi ya grafu, penseli, rula, kalamu mbili za rangi tofauti na jedwali la elementi. Tenga saa moja na nusu.

Hatua ya 1: Jua hasa kinachopimwa

Chukua atomu moja ya klorini, iliyo katika hali ya gesi, peke yake, haijashikana na mwenzake. Iletee elektroni moja. Atomu inaikamata, inageuka ioni yenye chaji hasi, na nishati inatoka. Nishati hiyo ndiyo afiniti ya elektroni ya klorini. Kwa alama tunaandika hivi:

Cl(g) + e⁻ → Cl⁻(g)

Hiyo (g) si pambo. Gesi ya klorini ya kwenye chupa ni molekuli, atomu mbili mbili zilizoshikana, na kuzitenganisha kuna gharama yake. Hapa gharama hiyo hatuihesabu bado. Tunataka atomu moja na elektroni moja tu.

Kwa kuwa nishati ya atomu moja ni ndogo mno, tunahesabu kwa moli, yaani atomu 6.022 × 10²³ kwa pamoja, na jibu linakuja kwa kilojuli kwa moli. Ya klorini ni 349. Ukiikuta imeandikwa 3.61, hiyo ni kwa elektroni-volti. Zidisha kwa 96.5 na utarudi palepale.

Namba hizi hupatikanaje? Njia bora inayotumika ni kwenda kinyumenyume. Wanasayansi hutengeneza kwanza ioni hasi, kisha huzipiga kwa mwanga wa leza na kuongeza nishati ya mwanga huo kidogo kidogo mpaka elektroni ya ziada ing'oke. Nishati ndogo kabisa inayotosha kuing'oa ndiyo ileile iliyotoka ilipoingia. Kwa njia hiyo, mwaka 2020 katika maabara ya CERN ilipimwa afiniti ya astatini, elementi ambayo hata aina yake inayodumu zaidi hupungua nusu kwa muda wa saa 8 hivi. Ilipatikana 233.

Hatua ya 2: Chagua alama moja na ushikamane nayo

Hapa alama za mtihani hupotea bure. Niliwahi kuletewa karatasi ambayo mwanafunzi ameandika −349, mwalimu akaweka alama nyekundu ya mkasi na kuandika 349 pembeni. Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa kitabu chake.

Vitabu vingine huuliza: nishati kiasi gani imetoka? Jibu ni 349, chanya. Vingine huuliza: nishati ya mfumo imebadilika kwa kiasi gani? Kwa kuwa imetoka, imepungua, basi jibu ni −349. Kabla hujaanza swali lolote, tazama kitabu kimeandikaje ya klorini. Ikiwa chanya, namba kubwa ina maana ya mvuto mkubwa. Ikiwa hasi, basi iliyo chini zaidi ya sifuri ndiyo yenye mvuto mkubwa. Humu natumia chanya kwa nishati inayotoka, isipokuwa kwenye hesabu za mwisho, na nitakukumbusha tukifika.

Hatua ya 3: Chora grafu

Mhimili wa chini uandike namba za atomu kuanzia 3 hadi 18. Mhimili wa kando uanzie 0 hadi 350. Kisha weka nukta hizi.

Safu mlalo ya pili: lithiamu 60, beriliamu 0, boroni 27, kaboni 122, nitrojeni 0, oksijeni 141, florini 328, neoni 0.

Safu mlalo ya tatu: sodiamu 53, magnesiamu 0, alumini 42, silikoni 134, fosforasi 72, salfa 200, klorini 349, argoni 0.

Hizo sifuri si kipimo kamili. Maana yake ni kwamba atomu hiyo, ikiwa peke yake, haiwezi kuishika elektroni ya ziada. Ukiilazimisha, wewe ndiye utakayetoa nishati. Vitabu vingine huziandika kwa alama hasi. Kwa grafu yetu sifuri inatosha.

Unganisha nukta za safu ya pili kwa rangi moja na za safu ya tatu kwa rangi nyingine. Usichore kwa haraka. Nimeona mara nyingi kwamba mwanafunzi aliyeweka nukta ya nitrojeni kwa mkono wake, akaona mstari umeporomoka kutoka 122 hadi chini kabisa, huuliza mwenyewe kabla sijamwuliza. Aliyeonyeshwa grafu iliyochapwa hutikisa kichwa tu.

Hatua ya 4: Soma mpando wa kwenda kulia

Yaache mabonde kwanza, utazame vilele. Katika safu ya tatu, silikoni 134, salfa 200, klorini 349. Mstari unapanda.

Sababu ni hii. Ukitoka sodiamu kwenda klorini, kila hatua kiini kinaongezwa protoni moja, kutoka 11 hadi 17. Elektroni zinazoongezeka zinakaa zote katika mzingo uleule wa nje, na elektroni za mzingo mmoja hazikingani vizuri, kwa kuwa hakuna iliyokaa katikati ya mwenzake na kiini. Elektroni 10 za ndani ndizo zinazokinga kikwelikweli, na hizo ni 10 kwa sodiamu na 10 kwa klorini. Kwa hiyo elektroni mgeni anayeifikia klorini anahisi mvuto mkubwa zaidi, tena kutoka karibu zaidi, kwa sababu mvuto huo umeifanya atomu yenyewe kusinyaa.

Wanafunzi wangu hupenda mfano wa matatu. Pale Mwembe Tayari makanga anapiga kelele, "Mmoja! Bado mmoja!" Wanasema hiyo ndiyo klorini: viti vya nje ni 8, vimejaa 7. Mfano mzuri, na argoni ni matatu iliyojaa, haichukui mtu. Lakini ujaribu kwa kaboni. Kaboni ina viti vinne vitupu, akiingia mtu mmoja bado haijajaa, na hata hivyo inatoa 122. Sodiamu ina viti saba vitupu na inatoa 53. Kujaa hakuelezi namba hizo. Mvuto wa kiini unazieleza. Hilo ndilo jibu nililompa yule binti: "Mwanangu, sodiamu ina protoni 11. Elektroni ikipita karibu, itaivuta tu, japo kwa uchache."

Hatua ya 5: Ingia kwenye mabonde

Hapa ndipo penye utajiri wa somo, na hapa mpangilio wa 2.8.7, yaani elektroni za klorini zikihesabiwa mzingo kwa mzingo, hautoshi. Lazima ujue kwamba mzingo una sehemu ndani yake. Kuna sehemu ya s yenye chumba kimoja, na sehemu ya p yenye vyumba vitatu, ambayo nishati yake iko juu kidogo. Chumba kimoja, ambacho wanakemia hukiita obitali, huchukua elektroni mbili tu. Na kanuni ni kwamba elektroni hazilali wawili chumba kimoja maadamu kuna chumba kitupu cha nishati ileile.

Bonde la kwanza ni beriliamu na magnesiamu. Chumba cha s kimeshajaa wawili. Mgeni inabidi aanze sehemu ya p, iliyo juu, na wale wawili wa s wanamkinga asikisikie kiini sawasawa. Mvuto uliobaki haumtoshi.

Bonde la pili ni nitrojeni na fosforasi. Vyumba vitatu vya p vina elektroni moja moja. Mgeni hana chumba kitupu, atalala na mwenzake, na chaji hasi mbili ndani ya chumba kimoja husukumana. Katika nitrojeni, ambayo ni atomu ndogo, msukumano huo unaumaliza mvuto wote. Katika fosforasi, ambako vyumba ni vipana, mvuto unashinda na kubakiza 72, lakini bado ni chini ya silikoni.

Bonde la tatu ni neoni na argoni. Vyumba vyote vimejaa, mgeni atapelekwa mzingo mwingine kabisa, mbali, nyuma ya kinga ya wote. Hakuna zaidi ya hapo.

Funika maelezo haya, ushike penseli, uchore visanduku vya s na p vya nitrojeni na oksijeni kando kando. Oksijeni nayo inabidi mgeni wake alale na mwenzake. Mbona inatoa 141? Kwa sababu ina protoni moja zaidi ya nitrojeni, na atomu ni ndogo zaidi, kwa hiyo mvuto umeongezeka kupita msukumano. Mwanafunzi anayeweza kueleza hilo bila kutazama kitabu ameshalielewa somo.

Hatua ya 6: Shuka chini ya kundi

Kundi la 1 linatii: lithiamu 60, sodiamu 53, potasiamu 48. Kila ukishuka mzingo unaongezeka, umbali unakua, mvuto unafifia. Tofauti ni ndogo lakini mwelekeo ni mmoja.

Sasa njoo kundi la halojeni: florini 328, klorini 349, bromini 325, iodini 295. Kuanzia klorini kushuka hakuna tatizo. Lakini florini, iliyo juu kabisa, imezidiwa na klorini. Vitabu vingi huandika kwamba florini ni ubaguzi, kisha vikafunga ukurasa. Mimi hilo silikubali, na grafu yako itanisaidia. Tazama rangi zako mbili. Linganisha boroni na alumini: 27 na 42. Kaboni na silikoni: 122 na 134. Nitrojeni na fosforasi: 0 na 72. Oksijeni na salfa: 141 na 200. Florini na klorini: 328 na 349. Mara tano mfululizo safu ya tatu imeipiku ya pili. Huo ni utaratibu, si ubaguzi.

Sababu yake ni msongamano. Atomu ya florini ina upana wa kama theluthi mbili ya klorini, na ndani ya nafasi hiyo finyu mna elektroni 7 za mzingo wa nje. Fikiria tuktuk yenye abiria watatu nyuma, kisha wa nne aombe asogezewe. Kiini cha florini kinavuta kwa nguvu na kutoka karibu, lakini waliomo wanamsukuma mgeni kwa nguvu pia. Klorini ina umbali kidogo, na ina nafasi. Kwa sababu hiyo klorini ndiyo yenye afiniti kubwa kuliko elementi zote zilizopimwa.

Nitoke kidogo kwenye safu hizi mbili, maana kuna namba moja inayonivutia kila nikipita kwa masonara wa Mji wa Kale. Dhahabu ina 223. Imeizidi oksijeni, imeizidi salfa. Fedha ina 126 tu. Kiini cha dhahabu kina protoni 79, na mvuto wake unazikimbiza elektroni kwa kasi kubwa kiasi kwamba kanuni za Einstein za mwendo zinaanza kuonekana: mzingo wa nje unasinyaa, na mgeni anashikwa kwa nguvu. Ukiiunganisha dhahabu na sesiamu, dhahabu ndiyo inayokuwa ioni hasi, mahali ambapo kwa kawaida ungemkuta klorini. Metali ile ile ya bangili.

Hatua ya 7: Elektroni ya pili

Oksijeni katika michanganyiko yake mara nyingi huandikwa O²⁻. Elektroni ya kwanza ilitoa 141. Ya pili inakuja kuikuta atomu ambayo tayari ina chaji hasi, inasukumwa kabla haijafika, na kuiingiza kunagharimu kilojuli 744. Jumla ya zote mbili ni hasara ya 603. Andika namba hiyo pembeni, tutaihitaji.

Usiichanganye afiniti na elektronegativiti. Afiniti ni ya atomu iliyo peke yake, na hupimwa kwa nishati. Elektronegativiti ni nguvu ya atomu kuvuta elektroni walizoshirikiana na mwenzake ndani ya kifungo, na huko florini inaongoza kwa 3.98 katika kipimo cha Pauling, klorini ikiwa na 3.16. Ukiulizwa nani mkubwa, tazama kwanza umeulizwa kipi.

Hatua ya 8: Ipeleke kwenye chumvi

Ukitoka kuogelea baharini kwenye ufuo wa Pirates ukakauka bila kujimwagia maji baridi, mkono wako hubaki na unga mweupe. Kila lita ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, nyingi yake sodiamu na klorini. Kwangua unga huo, au chukua punje ya chumvi ya mawe, uitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona pembe za mraba. Sasa tuhesabu gharama yake.

Hapa tunabadilisha alama: tunacholipa ni chanya, kinachotoka ni hasi. Njia hii ni ya Max Born na Fritz Haber, mwaka 1919, na vipande vyote ni kwa moli moja.

Kuigeuza sodiamu ngumu kuwa gesi: +107. Kuvunja nusu ya kifungo cha molekuli za klorini ili upate atomu: +121. Kuing'oa elektroni ya sodiamu: +496. Klorini kuipokea: −349.

Simama hapo kidogo. Ile simulizi kwamba sodiamu hutoa kwa furaha na klorini hupokea kwa furaha ingekuwa kweli, hesabu ya hatua hizi mbili za mwisho ingetoka hasi. Lakini 496 kutoa 349 ni 147, na bado ni deni. Kuhama kwa elektroni peke yake hakulipi. Klorini, bingwa wa afiniti kuliko elementi zote, haiwezi kugharamia kung'olewa kwa elektroni ya sodiamu.

Anayelipa deni ni fuwele. Ioni zikishapatikana hukusanyika, kila sodiamu imezungukwa na klorini sita na kila klorini imezungukwa na sodiamu sita, na mvuto huo hutoa −787. Jumlisha: 107 + 121 + 496 − 349 − 787 = −412. Kipimo cha maabara ni −411. Zile pembe za mraba ulizoziona ndizo zilizolipa.

Kazi ya nyumbani ni oksidi ya magnesiamu, unga mweupe unaobaki utepe wa magnesiamu ukiungua. Kuigeuza magnesiamu gesi, 148. Kupata atomu moja ya oksijeni kutoka kwa molekuli, 249. Kung'oa elektroni ya kwanza ya magnesiamu, 738, na ya pili, 1,451. Elektroni mbili kuingia kwenye oksijeni, ile 603 uliyoiandika pembeni. Fuwele inatoa 3,791. Ukipata −602, alama zako ziko sawa. Ukipata −1,808, umeihesabu 603 kama nishati iliyotoka. Rudi hatua ya 7.